Tusiwasingizie bibi zetu

Najua nimepotea. Mitihani iliisha, likizo ikaja, nikaenda nyumbani Rutamba, na huko mambo yakawa mengi. Nimerudi chuoni juzi jioni na begi limejaa vitambaa vyenye rangi ya kutu. Jamaa ninayelala naye chumba kimoja akalifungua, akachungulia, akaniuliza, "Kaka, huko Lindi hakuna sabuni?"

Sabuni ipo. Madoa yale nimeyatia mwenyewe, kwa makusudi, na ndiyo kazi yangu ya mwaka huu darasani. Lakini leo nataka kuongelea uongo mmoja nilioandika kwenye kadi ndogo ya karatasi ngumu. Uongo huo uliniingizia shilingi 60,000 kwa siku moja. Sitauandika tena, na naona siko peke yangu niliyewahi kuuandika, ndiyo maana naona bora tuuzungumze.

Hoja yangu ni fupi: tusiwasingizie bibi zetu. Kama kitu umekitengeneza wewe, sema umekitengeneza wewe. Sasa nianze mwanzo.

Muhula uliopita tulipewa kazi ya kutengeneza kitambaa cha kutundika ukutani. Wenzangu wengi wakachagua batiki. Batiki ni nzuri, lakini inataka nta, rangi za unga, soda kali na haidrosulfaiti, na boom langu wakati huo lilishakuwa hadithi. Nilichokuwa nacho ni mita tatu za bafta nyeupe, basi. Mwalimu wetu alikuwa ametuonyesha picha za wasanii wa nje wanaofunga vitambaa kwenye vyuma vyenye kutu, wanavimwagia siki, wanaviacha usiku kucha. Wengine wanatanguliza chai. Nikatazama kitanda changu cha deka: kutu ipo ya kutosha bweni zima. Nikakumbuka kafteria, ambako majani ya chai yanamwagwa kila asubuhi. Nikasema hapa nimepata.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilichukua chai iliyobaki kwenye birika, kumbe ilikuwa na sukari. Nikaloweka kitambaa, nikakianika dirishani, nikalala. Asubuhi sisimizi wamejipanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye mto wa mwenzangu. Jamani, kilichosemwa chumbani siku ile hakiandikiki.

Mara ya pili nilichemsha majani makavu yenyewe, bila sukari, mpaka maji yakawa meusi. Nikaloweka bafta usiku mzima, ikatoka na rangi ya mchanga wa pwani. Kisha nikaizungushia mnyororo wa baiskeli, misumari na kipande cha bati chakavu, nikanyunyizia siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nikafunika kwa sandarusi isikauke. Kesho yake nilipofungua nilipiga kelele. Kila pingili ya mnyororo ilikuwa imejichapa pale, nyeusi, na kingo za kijivu kama moshi. Pale ambapo chai haikufika, chuma kiliacha rangi ya chungwa.

Sababu yake si ngumu hata kwa sisi tuliokimbia kemia kidato cha tatu. Siki inamega chuma kidogo kidogo, kinaingia kwenye maji. Chai ina tanini, ile inayokaza ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokaa sana. Chuma na tanini vikikutana vinafanya rangi nyeusi inayong'ang'ania uzi. Ulaya waliandikia vitabu vyao wino wa namna hiyo kwa karne nyingi, wa chuma na vinundu vinavyoota kwenye mti wa mwaloni. Kule Mali kitambaa cha bogolan kinalowekwa kwanza kwenye maji ya majani ya mti yenye tanini, ndipo kinachorwa kwa tope lenye chuma lililokaa kwenye chungu muda mrefu. Kwa hiyo jambo lenyewe linajulikana duniani. Mimi nililiona kwenye picha darasani, nikalijaribia chini ya kitanda.

Basi bwana, kikapata alama nzuri, kikatundikwa kwenye maonyesho. Akaja dada mmoja mwenye duka la vitu vya sanaa hapa mjini. Akasimama mbele ya kitambaa changu muda mrefu.

"Wewe kwenu wapi?"

"Rutamba. Lindi."

"Ahaa. Kwa hiyo huu ni utamaduni wa kwenu?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Ningeweza kusema, "Hapana dada, ni majani ya chai ya kafteria na mnyororo wa baiskeli." Lakini nilimwona jinsi macho yalivyomng'aa aliposikia Lindi. Nikasema, "Ndiyo dada, ni mbinu ya zamani ya bibi zetu." Akaniambia nimwandikie kwenye kadi. Nikaandika kwa mkono wangu huu: Mbinu ya kale ya bibi zetu wa Lindi, iliyorithishwa kizazi hata kizazi. Akalipa 60,000 bila kuomba apunguziwe, akaagiza vingine kumi, 50,000 kila kimoja, na kila kimoja kiwe na kadi yake.

Laki tano, wadau. Wale mnaokula mlo mmoja tarehe za mwisho wa muhula mnajua laki tano ni nini.

Nikapanda basi la kusini na bafta, siki chupa nne na kadi kumi nilizokwisha kuziandika kabisa, maana nilikuwa na haraka. Nikavuka daraja la Mkapa pale Rufiji napiga hesabu za hela ambayo sijaipata.

Kwa wasiopajua, Rutamba ni ndani kidogo kutoka Lindi mjini. Kuna ziwa, kuna msitu wa Litipo, kuna minazi, na kuna mikorosho kila unakogeuka. Nilifika Septemba, mabibo ya kwanza yameanza kuanguka. Bibi yangu, aliyenilea, nilimkuta uani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona umekonda? Huko chuoni mnasoma au mnafunga?"

Siku ya tatu nikaanza kazi. Nikaokota mabati chakavu, nikaazima rimu ya baiskeli mbovu, nikapata na pipa lililooza chini. Nikachemsha chai, nikafunga, nikamwagia siki, uani kukawa kama gereji. Siku ya tano kamba nzima ilikuwa imejaa vitambaa vyenye madoa, na mama wa jirani alikuja kumuuliza bibi kwa sauti ya chini kama nimerudi mzima.

Bibi hakuniuliza kitu. Alinihurumia. Na huruma yake ndiyo iliyonifundisha kuliko muhula mzima.

Mchana mmoja nililala. Nilipoamka nikamkuta bibi ameketi mkekani, amekunja kitambaa changu kizuri kuliko vyote, kile cheusi cha rimu, anakikamulia ndimu. Pembeni ana kibakuli cha chumvi. Alikuwa ameshapitisha ndimu mistari minne mirefu, akatia chumvi, akakitandaza juani. Weusi ulikuwa umetoka. Ilibaki rangi ya chai peke yake, mistari minne ya rangi ya mchanga katikati ya giza.

Nilitaka kulia. "Bibi! Umefanya nini?"

"Nakusaidia. Kutu hii ukiichelewesha haitoki. Na usije ukatia Jiki, ukitia Jiki unaikaza. Ndimu na chumvi, kisha jua. Hukumwona mama yako akifanya hivi?"

Nikakichukua kitambaa nikakitazama vizuri. Wadau, kilikuwa kizuri zaidi ya kilivyokuwa. Miezi mitano nimekuwa nikihangaika nitapataje mchoro mweupe juu ya nyeusi bila nta, na bibi amenifanyia kwa ndimu mbili akidhani anafua. Nikamwomba anionyeshe tena. Akacheka mpaka akakohoa.

Jioni ile akanieleza mengine, kama mtu anayehesabu maadui zake. Maji ya bibo: yakikudondokea kwenye nguo hayaonekani, subiri siku mbili, doa la kahawia hilo. Ukikata bibo kwa panga kisha ukafutia panga kwenye kanga, doa ni jeusi, na hilo utazikwa nalo. Ndizi mbichi vilevile: angalia kisu kinavyokuwa cheusi, angalia vidole. Ndiyo maana kila mtu huku ana nguo ya korosho na nguo ya msibani, na hazichanganywi kwenye beseni moja.

Nikawa nimekaa namsikiliza huku najiona mjinga. Bibo lina tanini, panga ni chuma. Ile kemia niliyokwenda kuisomea mjini, bibi anaijua yote, ila anaijua kwa upande wa pili. Anajua doa linavyoingia kwa sababu maisha yake yote amekuwa akilitoa.

Kisha akaona kadi.

"Na hivi vikaratasi ni vya nini?"

"Vya kuwaeleza wateja, bibi."

"Nisomee."

Nikasoma. Kusoma kwenyewe nilisoma haraka haraka, nikitumaini hatasikia. Mbinu ya kale ya bibi zetu wa Lindi, iliyorithishwa kizazi hata kizazi. Akanyamaza. Taa ilikuwa inawaka kati yetu, namwona anafikiri.

"Bibi yupi huyo?"

Sikujibu.

"Zamani hizo kulikuwa na minyororo ya baiskeli?"

Sikujibu tena.

"Mie nimehangaika miaka yote kutoa kutu kwenye mashati ya babu yako, we umekwenda kuwaambia watu mie ndiye ninayeitia?"

Nikaanza kujitetea, nikasema ni maneno ya biashara tu, wanunuzi wanapenda mambo ya asili. Akaniambia kitu ambacho nilikuwa nakijua tangu utotoni, na bado niliandika kadi ile kama sikijui. Bibi hakuzaliwa Lindi. Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Vita ya ukombozi ilipoanza kule Septemba 1964, watu wengi walivuka mto kuja huku, na miaka ile ya 1960 Rutamba ikawa mojawapo ya makazi ya wakimbizi. Yeye alikuja binti mdogo, kwa miguu, na mama yake na kaka yake, na nguo ya kujifunika usiku ilikuwa moja kwa watu watatu. Msumbiji ilipopata uhuru 1975 wengi walirudi. Yeye alishaolewa hapa na babu, Mmwera, akabaki.

"Nguo ile," akasema, "ingekuwa na doa au haina, tungejifunika. We umeuza kitambaa au umeuza jina langu?"

Kisha akaingia ndani kulala. Hakunikasirikia asubuhi, tulikunywa chai kama kawaida. Lakini zile kadi kumi niliziwashia moto wa chai hiyo.

Sasa tuje kwenye hoja yenyewe. Kabla ya kuandika hapa nimekaa maktaba siku mbili, maana nilitaka kujua kama pengine nilidanganya kweli bila kujua. Labda kweli bibi wa mtu mwingine wa pwani yetu alitia kutu kwenye nguo. Nilichokipata kimenifurahisha kuliko uongo wangu.

Kilwa Kisiwani, palepale kwenye magofu, Neville Chittick alipochimba miaka ya 1960 alipata vipande vya mviringo vya vigae vilivyotobolewa katikati. Ni vya kusokotea uzi wa pamba. Kwa hiyo pwani yetu ilisokota na kufuma. Na rangi je? Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno mmoja, Duarte Barbosa, aliandika habari za Sofala, ile bandari ya dhahabu iliyokuwa chini ya Kilwa. Anasema wenyeji Waislamu wa pale walifuma nguo nyeupe za pamba nyingi, lakini hawakuwa na namna ya kutia rangi. Basi walinunua nguo za buluu zilizotoka Cambay, India, wakazifumua uzi mmoja mmoja, wakaufuma upya pamoja na uzi wao mweupe.

Hebu fikiria kazi hiyo. Kufumua nguo ya watu ili upate uzi wa buluu. Mimi nikisoma habari hiyo naona watu wenye akili kali na mikono mivumilivu kuliko yangu. Huo ndio urithi, na uko kwenye vitabu. Lakini hakuna kadi hata moja ya duka niliyowahi kuiona inayousimulia.

Endelea mbele. Karne ya 19 nguo nyeupe iliyotawala biashara ya bara ilitoka viwanda vya Massachusetts, ndiyo maana mpaka leo bibi anaita kitambaa kile marekani. Marekani na Sayyid Said walitia saini mkataba wa biashara 1833. Kaniki, ile nyeusi ya nili, ilitoka India. Majora ya nguo hizo yalipita Kilwa Kivinje kwenda bara mpaka Ziwa Nyasa, na kilichorudi pwani kilikuwa pembe na watu waliofungwa minyororo. Kitambaa cheupe pwani yetu kilikuwa bei ya mtu. Nikisema hivyo siongezi chumvi.

Kisha Wajerumani wakataka pamba ilimwe kwa nguvu. Julai 1905, Nandete, kwenye vilima vya Wamatumbi, wilaya hiyohiyo ya Kilwa, watu walikwenda shambani wakang'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Miche michache ya pamba, na kusini nzima ikawaka mpaka 1907.

Hiyo ndiyo historia ya pamba na rangi huku kwetu. Ina wafumaji, ina wafumuaji, ina watumwa, ina watu waliong'oa pamba kwa mikono. Halafu mimi nikaifuta yote, nikaweka mahali pake bibi wa kufikirika, ameketi chini ya mwembe, anatia kutu kwenye bafta. Naona ubaya wa kusingizia asili uko hapo hasa. Pesa ya mteja ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba bibi wa uongo anamziba bibi wa kweli. Kama yule wa kwangu asingeniharibia kitambaa, ningeendelea kumuuza miaka kumi bila kumuuliza hata swali moja, na siri ya ndimu nisingeijua.

Najua mtakayosema. Wacha niyajibu machache.

La kwanza: "Acha utakatifu, hiyo ni biashara." Sawa, ni biashara. Lakini mwenye duka la nyama akikuuzia ng'ombe akasema mbuzi, tunamwita tapeli. Kwa nini anayeuza chai ya kafteria kama urithi wa mababu tumwite msanii?

La pili: "Una uhakika gani wazee hawakuwa na rangi zao?" Hapo sibishani. Mali ghafi za rangi pwani yetu zipo nyingi. Magome ya mikoko yana tanini tele. Enzi za Wajerumani yalisafirishwa kutoka delta ya Rufiji kwenda kulainishia ngozi. Akina mama wanatia rangi ukindu wa mikeka mpaka leo. Kwa hiyo ukimpata mzee aliyetia rangi nguo kwa gome la mti fulani, mfuate, kaa naye, jifunze, na mlipe. Ila jiulize maswali manne kabla hujaandika neno "asili": mmea gani? nani alifanya? kijiji gani? lini? Ukishindwa yote manne, ujue unachokiuza ni hamu ya mteja.

La tatu, hili linauma zaidi: "Wenzetu wa Mali wanauza bogolan kwa jina la asili, kwa nini sisi tusiwe na yetu?" Wenzetu wanaweza kukutajia mti, wakakuonyesha dimbwi linalotoka tope, na wakakupeleka kwa mama aliyewafundisha. Sisi tukitunga ya kwetu kwa jioni moja tunashusha na yao, maana mnunuzi akigundua mmoja ni muongo atadhani wote ni waongo.

Na kuna jambo la nne ambalo hakuna aliyeniuliza ila nalisema mwenyewe. Kutu inakula nguo. Chuma kinachobaki kwenye pamba kinaidhoofisha polepole mpaka uzi unakatika. Hata ule wino wa Ulaya umetoboa karatasi nyingi za zamani. Unaweza kupunguza kwa kusuuza vizuri na maji yenye magadi kidogo kuua ile asidi, kisha sabuni, na kukiweka mbali na unyevu. Kuimaliza huwezi. Sasa mtu uliyemwambia kitambaa hiki ni mbinu ya kale iliyorithishwa, atategemea kidumu kumrithisha mwanawe. Uongo mmoja unazaa wa pili bila wewe kufungua mdomo.

Mtauliza laki tano iliishia wapi.

Nilimpelekea yule dada vitambaa vyote kumi na kadi mpya. Alizisoma zote, kumbe zinafanana. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba kadi ni ndefu, na kwamba wageni hawaji dukani kusoma habari za madoa. Alichukua vinne, vile vyenye mistari ya ndimu. Laki mbili. Hamsini nimemtumia bibi kwa simu, kwa kuwa ile mistari ni kazi yake. Akanipigia kuuliza nimeuza ndimu ngapi. Sita vilivyobaki ndivyo alivyoviona huyu jamaa kwenye begi.

Nilimwomba pia anirudishie ile kadi ya kwanza niibadilishe. Akasema kitambaa kile kilishanunuliwa na mgeni aliyekuwa anaondoka wiki ileile. Kwa hiyo sasa hivi, kwenye ukuta wa mtu, nchi nisiyoijua, kuna kipande cha bafta kinachooza taratibu na karatasi yenye mwandiko wangu inayosema uongo kuhusu bibi yangu. Sina namna ya kuifuata. Ndiyo sababu nimeandika hapa.

Kadi mpya inasema hivi, na mnaruhusiwa kuiga mpangilio wake, ila majina yawe ya kwenu:

Bafta ya dukani. Nyeusi ni majani ya chai, siki, na rimu ya baiskeli iliyookotwa Rutamba, Lindi. Mbinu hii nimejifunza darasani. Mistari myepesi ni ndimu na chumvi, kazi ya bibi yangu, aliyezaliwa Msumbiji na kuishi Rutamba tangu utoto wake; alikuwa anajaribu kukisafisha. Kutu itakila kitambaa hiki polepole. Kiweke pakavu.

Naomba kuwasilisha. Na nani ana sufuria kuukuu isiyopikiwa? Ile ya mwanzo mwenzangu ameificha.